Hatua Mia Mbili na Kumi na Nne

Hatua mia mbili na kumi na nne
kutoka darasa la kemia hadi choo cha muuguzi.
Tamsin amezihesabu.
Ardell, mzee wa dekio na ndoo, amezihesabu pia,
maana ufunguo hukaa kwake siku ambazo muuguzi haji,
na muuguzi huja Jumanne na Alhamisi tu.

Ndivyo bodi ya shule ilivyoamua mwezi wa Agosti:
asiingie kwa wasichana,
asikimbie na wasichana,
kwingine kote yuko huru.
Kwingine kote ni wapi, hakuuliza mtu.

Ardell alikuwepo ukumbini. Kura hana;
alikuwa akingoja wamalize apange viti.
Alimsikia mama yake Brielle, sauti ikimkatika:
Binti yangu anaamka saa kumi na moja alfajiri, mwaka wa nne huu,
nani atamrudishia nafasi yake?
Na mama huyo si mtu mbaya.
Mke wa Ardell alipofariki
ndiye aliyeleta supu ya viazi wiki tatu mfululizo.
Bakuli lake la mwisho bado liko kabatini, halijarudi kwa mwenyewe.
Viti vikapangwa kimya kimya.

Lugha ninayokusimulia nayo ina ukarimu wake:
*anakimbia*, nasema, na irabu moja inatosha,
haidai lolote ila uhai.
Lakini fomu za Dakota Kaskazini zina visanduku viwili,
na karani ana foleni.

Oktoba, mbio za nyika, theluji ya kwanza ikijaribu jaribu.
Kocha Rolfsrud, ambaye maneno kwake ni kama akiba ya benki,
alimkabidhi Tamsin saa ya michezo:
Basi nitunzie muda.
Akasimama penye utepe, kofia hadi nyusi,
akiandika sekunde za watu.
Brielle alifika, akainama, akatema mate, akauliza: Ngapi?
Kumi na tisa na arobaini na moja.
Hakumwibia hata chembe.

Jioni basi likishaondoka
huikimbia njia ileile, peke yake, saa kiganjani,
mpaka kwenye ghala la ngano na kurudi.
Anachokipata hakiandiki popote.

Ardell hakuona miguu yake. Aliona chupa.
Ya buluu, imejaa asubuhi,
saa tisa alasiri imejaa vilevile,
na midomo ya mtoto imepasuka kama rangi ya mlango wa zamani.
Hunywi?
Nikinywa itabidi nije kuomba.

Alilidekia neno hilo korido nzima, halikutoka.

Ukimuuliza Ardell anaamini nini
atakwambia anaamini boila linataka pampu mpya.
Sina la kumwongezea.
Najua tu kwamba Jumamosi alikwenda dukani kwa Vetter,
akangoja mashine ikilia,
akalipa dola tatu, akakataa risiti.
Jumatatu, karibu na makabati, akanyoosha mkono:
Umeudondosha huu.
Ufunguo uling'aa kama jino jipya.
Haukuwa umewahi kudondoka popote.

Tamsin aliutazama muda mrefu,
akautia ndani ya soksi.

Wahenga husema maji yakimwagika hayazoleki.
Ardell huyazoa kila siku, kwa mshahara,
na huwa anayaacha mengine kwenye nyufa.
Bodi itakutana tena Januari. Kuna barua zimeandikwa.
Huenda wakabadilisha kitasa, huenda wakambadilisha Ardell.
Bakuli bado hajalirudisha;
siku akilirudisha itambidi aseme kitu mlangoni,
na anakitafuta.

Jumatano, saa tisa alasiri,
chupa ilikuwa nusu.
Hatua ni zilezile.