Twende Kilioni

Kibanda changu ni cha tatu ukitoka bombani, Walukuba.
Kioo kimoja chenye ufa, viti viwili, kimoja cha kuazima.
Nasuka, nanyoa, nakata kucha
za wanaokwenda kuomba kazi kesho.
Mayaya wa Jinja wamepita mikononi mwangu,
na kwa kushika kichwa tu
najua nani atarudi Jumatatu na begi lake.

Ezaru alikuja na nywele nzito za kwao Arua.
"Shangazi, nisuke kitu cha kupata kazi."
Kazi ya wapi? nikamuuliza,
maana kila nyumba na kichwa chake.

Kule karibu na uwanja wa gofu wanataka nywele fupi,
eti ndefu huanguka kwenye uji.
Mpumudde walimkataa mwenye kipara:
huyu katoka kufiwa, au katoka jela?
Kucha zenye rangi, malaya.
Zisizo na rangi, mshamba, mtoto atajifunza nini kwake?
Ukipaka mafuta ya kunukia unamtega baba mwenye nyumba.
Usipopaka, unanuka kuni.
Na baba mwenyewe, ndevu hadi kifuani,
sijasikia aliyemuuliza.

Nikamsuka twende kilioni,
mistari minane, iende kisogoni bila ugomvi na mtu.
Elfu kumi. Nikamkopesha.

Akaipata, kwa Bi. Naigaga.
Alitazamwa kucha kabla ya kitambulisho,
kisha nyuma ya masikio, kisha meno,
mbuzi wa sikukuu hakaguliwi hivyo.
Hakuulizwa: mtoto akipaliwa na punje ya hindi utafanyaje?
Naye anajua. Alimtoa mdogo wake punje kooni
kwa kiganja, akiwa na miaka kumi na miwili.
Hilo halionekani kichwani.

Mwezi wa tatu akaja na pesa yake mkononi.
"Nimechoka kwenda kilioni, Shangazi.
Nataka rasta. Ndefu. Nyekundu kwenye ncha."
Nikasita.
Miaka kumi na tisa ya kusuka, nikasita.
Kisha nikasuka.

Alizivaa wiki sita. Siku wageni walipokuja
mmoja akamsifu, mbele ya Bi. Naigaga.
Usiku uleule akaambiwa: zitoke hizo, au utoke wewe.
Akaja Jumapili. Nikafumua, akasema nyoa kabisa.
Hakulia. Aliomba rasta zake zifungwe kwenye kavera,
akaenda nazo.

Sasa sikia.
Yule mtoto, Tenywa, alikuwa halali
mpaka azungushe rasta moja kidoleni,
ya nne kutoka sikio la kushoto, hiyohiyo kila usiku.
Akapapasa kichwa kitupu, akapiga ukelele.
Usiku wa kwanza, wa pili, wa tano.
Wakasema yaya hawezi kazi.
Wakamfukuza.

Alhamisi gari likasimama penye mtaro.
Bi. Naigaga kashuka na mtoto begani,
macho mekundu, wigi limekaa upande.
"Nisuke kama zile zake."
Na nyekundu kwenye ncha?
Akakaa kimya. "Na nyekundu."

Ilichukua saa tano. Mtoto akaletwa mapajani,
akashika moja, akainusa,
akaitupa.
Akalia upya, kwa sauti iliyochakaa.

Ndipo nyuma ya pazia mtu akakohoa.
Nina msaidizi siku hizi, anafua taulo,
nywele zake bado urefu wa punje ya mchele.
Tenywa akanyamaza. Akageuza shingo kuelekea pazia
na mkono wake ukaanza kuzungusha hewa.

Bi. Naigaga alinitazama ndani ya kioo,
jicho moja upande huu wa ufa, jicho moja upande ule.

Nikamwambia, tulia mama, usigeuke,
imebaki mistari miwili.