Kisigino cha Babu

Cirhuza alianguka kwenye ngazi za Kadutu,
ndoo ya maji mkononi, ana miaka thelathini na tisa.
Ndoo haikumwagika yote. Hilo ndilo watu walilosimulia.

Kabla ya matanga kwisha, jina la shangazi Nabintu
lilikuwa limeshazunguka avenyu nzima:
yeye ndiye aliyempikia sambaza Jumapili.
Ndiye aliyempikia baba pia, mwaka wa mvua kubwa,
na baba mdogo Zihalirwa, aliyelala mzima
akaamka maiti.
Sumu, walisema.
Mji huu unaijua sumu kuliko chumvi.
Akaondoka na kitenge kimoja kwenda Walungu,
na mimi sikumsindikiza.

Nilikuwa nafagia laboratwari.
Mushagalusa, mpima damu, mtu wa maneno ya kuhesabu,
aliniona nimevua kiatu.
Akagusa kano ya kisigino changu,
nene, ngumu, kama kamba iliyopigwa fundo ndani.
"Hiki umekitoa wapi?"
"Cha babu," nikajibu kwa majivuno.
Kwetu husema ni mguu wa watu waliotembea sana.
Hakucheka. Akanitoboa kidole.

Siku ya tatu akaniandikia namba
kwenye kipande cha boksi la glavu.
Kolesteroli. Mafuta ya damu, yamepanda hadi kutisha.
"Lakini mimi mwembamba. Nyama naila Noeli."
"Hukuyala," akasema. "Umeyarithi."

Umeyarithi.
Neno hilo sisi tulilitumia kwa mashamba.

Usiku ule umeme ulikatika.
Kwa mwanga wa simu nikachukua kaye ya mtoto,
nyuma ya hesabu za kugawanya,
nikachora: babu, watoto wake, watoto wa watoto.
Aliyekufa ghafla, msalaba.
Misalaba ikateremka ukurasa
kama watu wanaoshuka Funu wakati wa utelezi,
mmoja akimvuta mwingine,
wote kabla ya mvi.
Hakuna mstari hata mmoja
uliopitia jikoni kwa Nabintu.

Nikaanza kugonga milango.
"Damu yetu mnakwenda kuiuza wapi?"
"Tumeshafunga na kuomba."
Binamu Byamungu: "Siumwi. Nitafute nini?"
"Cirhuza naye alikuwa haumwi."
Akanyamaza, akavaa viatu.

Vipimo vilikuwa arobaini, sisi hamsini na wanne.
Mji mzima hatuwezi, akasema Mushagalusa,
lakini ukimpata mmoja, panda naye ukoo
kama unavyofuata bomba linalovuja:
anza na watoto wa waliokufa.
Nshobole, miaka tisa, mtoto wa Cirhuza,
alinyoosha kidole, akatazama tone likisimama.
"Ni hili tu?"
Ni hili tu, mwanangu. Tone hili.
Na kidonge kila usiku, hadi lini?
Hadi upate mvi.

Nabintu alishuka na lori la mihogo.
Hakuna aliyeomba msamaha; mtu alimsogezea kiti.
Damu yake ilikuwa safi.
Alisikiliza namba yake kama bei ya kitu asichonunua,
kisha akanyoosha mkono kwenye kaye yangu,
akaifungua ukurasa wa misalaba,
akaushika muda mrefu.

"Huu," akamwuliza Mushagalusa,
"unaweza kupigwa muhuri?"