Nguzo Tatu, Ngomeni

Ya kwanza tuliisimika kando ya mabwawa ya chumvi,
ya pili nyuma ya jiko la shule,
ya tatu, baada ya mabishano ya siku mbili,
uani kwa Mbeyu wa Tsofwa, kati ya zizi na kamba ya nguo.
Mita mia na ishirini toka nguzo hadi nguzo.
Nilipima mwenyewe kwa futikamba, nikihesabu kwa sauti,
watoto nyuma yangu wakinikosesha makusudi.

"Na hilo anga mnalopima," akauliza Mbeyu,
"si ndilo lililo juu ya ua wangu? Nalo mnalilipia?"
Niliandika daftarini: kodi ya ua, shilingi elfu mbili.
Ya anga nikaacha nafasi.

Kinachopimwa hakionekani.
Kilomita mia juu ya utosi, jua limeichubua hewa,
limeipokonya elektroni,
likaacha tabaka la ioni lenye mikunjo
kama kitanda kisichotandikwa.
Tunalirushia wimbi la redio, linaturudishia,
nalo hurudi likififia, likipata nguvu, likififia.
Kufifia huko ndiko ninakokuvizia.
Kunagusa nguzo ya chumvi,
halafu ya shule,
halafu ya Mbeyu,

kama mvua ya Mei unapoisikia
kwenye mabati ya jirani, bado haijafika kwako,
na unajua utawahi kuanua nguo ngapi.

Sehemu sita za kumi za sekunde.
Gawa: mita mia mbili kwa sekunde, kwenda magharibi.
Kisha gawa tena kwa mbili,
maana alama inayopita ardhini
hukimbia mara mbili ya kinachoitupa.
Hilo lilinichukua wiki nzima kuliamini.
Mia moja, basi. Toka baharini kuelekea Tsavo,
mchana kutwa, na unyasi hautikisiki.
Usiku nahamia tabaka la juu zaidi,
nalo lashika njia ya mashariki.

Jana saa nne usiku mstari wa tatu ulinyooka.
Nikaenda na tochi.
Beberu alikuwa akitafuna waya, ametulia
kama mwenye hati ya shamba.
Mbeyu akatoka na leso, akacheka mpaka akakaa chini.

Zimebaki mbili hadi fundi aje kutoka Malindi.
Zaniambia kuna kitu kinapita, na kimechelewa kiasi gani.
Kwa nguzo mbili hujui kinaelekea wapi.

"Linakwenda wapi leo?" akauliza, angali anajifuta machozi.
Nikasema sijui.
"Basi kodi ya leo nawasamehe."