Kilomita Nne Kabla ya Msijute

Injini ililetwa na lori la saruji,
imefungwa turubai, imelazwa ubavu kama mgonjwa wa rufaa,
na karatasi ya Gerezani imebandikwa juu: IMEPIMWA.
Nani aliipima, karatasi haikusema.
Nikaifungua mwenyewe, Chikongola, uani kwetu,
juu ya meza ya mama ya kukatia mihogo.
Mama akahamia chini na kisu chake, akanuna siku mbili.

Kresta ni ya Nandonde, karani wa mizani ya korosho.
Miaka kumi na mitatu ilimpeleka ghalani na kumrudisha
bila haraka, bila kosa.
Injini yake ya kwanza tuliing'oa ikiwa bado inanguruma vizuri.
Hilo lilinisumbua.
Gari halikuwa limeomba.

Miezi saba.
Vishikio vya injini nilivikata mara tatu, vya tatu vikakubali.
Propela shafti ikapungua vidole viwili.
Bomba la moshi alichomelea Mchopa,
aliyejifunzia kazi kwenye bomba la gesi, Madimba:
mshono wake umelala magamba magamba kama changu,
ukipitisha ukucha haukwami.
Waya nilizipanga usiku, umeme ukirudi,
kila mmoja na kitambaa chake cha rangi
kutoka mabaki ya cherehani ya shangazi Binuru.
Ukifungua dashibodi utadhani kuna harusi.

Kisha tukaanza kupunguza uzito.
Kiti cha nyuma kilipotoka, chini yake
korosho nne, shilingi hamsini,
na kadi ya kliniki ya mwanawe: kilo tano na robo,
mstari ukipanda vizuri.
Nandonde akaitia mfuko wa shati.
Hatukuzungumza mpaka adhuhuri.

Spidomita inaishia mia na themanini.
Baada ya hapo gari linakwenda mahali pasipoandikwa.
Yeye anataka mia mbili na arobaini,
anaitamka kama anavyosoma mizani, bila kupepesa.
Mimi nilikuwa nimechuchumaa ubavuni mwa tairi,
tochi ndogo mdomoni,
nikisoma herufi iliyo mwisho wa namba.
H.
H ni mia mbili na kumi, na hapo mpira ni mpya.
Nikamwambia.
Akasema, "Fundi Somoe, herufi haiendeshi gari."
Nikasema, "Wala haizikwi."

Barua ya ruhusa ilichelewa kuliko injini.
Ilipopata mhuri tukapewa saa moja,
Jumapili alfajiri, kilomita nne za lami,
vijana wa bendera huku na huku,
na Chitanda mdogo wa kufukuza mbuzi, ujira wake soda mbili.
Kibao cha kijiji kilikuwa mbele yetu: MSIJUTE.
Hakuna aliyecheka.

Nandonde aliendesha. Mimi nilibaki na sikio.
Gia ya pili, safi.
Ya tatu, mikorosho ikarudisha sauti.
Ya nne, nikausikia:
mluzi mwembamba ndani ya mngurumo,
kama birika la jirani usiloweza kwenda kuliepua.
Likapita. Suruali zetu zikapepea, kisha zikatulia.

Kipimo cha simu: mia mbili na tatu.
Akarudi polepole, akashuka, magoti hayajamkubali.
"Zimebaki thelathini na saba,"
akasema, kama mtu anayedai gunia.

Nilizikuta nilipofungua boneti.
Mpira wa kipoza hewa, klipu imelegea,
tabo linapuliza, pumzi inatorokea hapo.
Bisibisi ilikuwa mkononi.
Mizunguko miwili ingetosha.
Nikafunga boneti.
"Umeona nini?"
"Joto. Acha lipoe."

Tairi nyingine zimeagizwa, herufi W,
zitakuja na lori la saruji, zikija.
Klipu mpya ninayo, ndani ya mkebe wa plagi kuukuu.
Mpaka siku hiyo, na pumzi itoroke.