Miwani Kumi na Tisa

Nilishuka Tutuo na sanduku la miwani kumi na tisa.
Ya ishirini niliikalia mwenyewe njiani.

Mji una barabara moja na mawazo mawili:
mvua, na bei ya tumbaku.
Mengine yote yameegemea hapo
kama baiskeli kwenye ukuta wa ghala la chama.
Duka la mbolea linauza sare za shule,
kinyozi anauza vocha,
na ukimnong'oneza kinyozi, anayo asali ya msituni
ndani ya dumu lililokuwa la mafuta ya kula,
nyeusi, bado ina moshi.
"Onja. Kuonja si kununua."
Nikaonja. Nikanunua.

"Mwadila," nilisema, kwa ulimi wa kuazima.
Wanawake wa bombani walicheka hadi mtoto mgongoni akaamka,
kisha wakaitikia, wote, kwa upole:
salamu hata ikichechemea, hufika.

Mwalimu Ndaki alinifungulia darasa.
Nikabandika ubao wa herufi kwa uji wa muhogo,
nikapima hatua sita, nikaweka kiti.

Wa saba kwenye foleni, Kalunde binti Mihayo.
Mstari wa kwanza: kimya.
Wa pili: kimya.
"Unaona nini, mama?"
"Naona wadudu weusi, wamejipanga vizuri.
Shule mimi niliipita kwa nje, na kuni kichwani.
Subiri."

Akatoka.
Foleni ikamsubiri, nami nikamsubiri,
kuku akaingia, akakagua dawati la mbele, akatoka.

Alirudi na majani tisa ya tumbaku kwenye upande wa khanga,
akayatandaza mbele yangu kama karata.
"Haya, daktari"
(mimi si daktari, nina cheti cha miezi sita)
"nipangie. Lipi la chini ya mche, lipi la juu?
Lipi lilinyimwa moto usiku wa pili?"

Nikatazama. Nikainama. Nikatazama tena.
"Kahawia," nikasema.
"Na hili?"
"Kahawia."

Foleni nzima iliguna, kwa huruma,
namna watu wanavyoguna msibani.

"Hili ni limau," akasema, bila hata kulitazama, kidole tu.
"Hili chungwa. Hili chungwa lililosahauliwa dirishani.
Na hili jekundu ni usingizi wa mwanangu Shija,
aliachia bani kuni tatu zaidi, akakoroma.
Rangi nazijua hata gizani.
Kinachonikimbia ni tundu la sindano."

Nikampa namba mbili na nusu.
Akachomoa sindano ya kushonea majani kwenye fito,
akalamba uzi,
ukapita.

Watu wakapiga vigelegele. Yeye hakupiga.
Alikuwa amegeuza viganja vyake,
anavisogeza karibu, anavipeleka mbali, anavirudisha.
Utomvu mweusi kwenye mistari yote,
na ufa mmoja mrefu, wa zamani, chini ya kidole gumba.
"Kumbe," alisema.
Basi. Hakuna alichoongeza,
nami sikuwa na lenzi ya neno hilo.

Jioni miwani ilibaki minne,
na mfuko wangu ulijaa matobolwa na karanga
kutoka kwa watu niliowaambia ni bure, ni bure kabisa,
wakanitazama kama mtu aliyekosa adabu.

Yeye alinipa jani moja.
"Fanya mazoezi."

Liko Tabora, ndani ya daftari la wagonjwa,
linanukisha kurasa zote kuanzia Machi.
Kila nikifunga ofisi nalishika dirishani:
kahawia, kahawia.
Ila juzi, kwenye ukingo, karibu na kikonyo,
mwanga ulipolegea,
nadhani niliona njano.