Wageni wa Siku Ishirini na Nane

Masanduku kumi na mawili yameshuka saa tisa usiku
kwenye ghala la mizigo, uwanja wa ndege, Embakasi.
Kila moja lina dirisha la kichujio,
kila moja lina tonge la jeli badala ya maji,
na ndani, panya weupe,
macho kama punje za komamanga.

Afisa wa forodha, Bwana Lekuton, anavuta kiti.
Anasoma cheti cha afya, kibali cha kuingiza,
barua ya kamati ya maadili, muhuri juu ya muhuri.
"Hawa wana karatasi kumshinda shemeji yangu," anasema,
"yeye kanyimwa viza mara mbili."
Nacheka kidogo. Koti langu jembamba,
na Julai ya Nairobi haina mzaha.

Tunapanda Kabete kabla ya foleni kuamka.
Dereva haruhusiwi kuwasha redio:
jike akishtuka hula wanawe.

Naoga. Nabadili hadi soksi.
Hewa ya chumba hiki huingia bure,
ila kutoka, sharti ichujwe.
Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.
Hawa nitawalisha siku ishirini na nane,
na jembe linalowasubiri
sitaki kulitaja mbele yao.

Kuna wengine sita, wazaliwa wa hapa hapa.
Tunawaita walinzi.
Kila Jumatatu nachota maranda machafu ya wageni
nawatandikia.
Wanalala juu ya mkojo wa wasiowajua,
wanavuta harufu ya safari wasiyosafiri,
ili kama kuna maradhi yaliyojificha,
yawapate wao kwanza.
Wiki ya nne Daktari Nasimiyu atawatoa damu,
atauliza tone moja moja: umeona nini?
Mmoja wao, mwenye sikio lililokatika ncha,
nimempa jina.
Jina lenyewe halimo daftarini.

Mkataba wangu wa kazi unasema: nyumbani usifuge panya,
usifuge sungura, wala paka wa kumfukuza panya.
Nyumbani ni Kangemi.
Panya wa Kangemi hawajaomba kibali.
Wametoboa gunia la unga, wametoboa sare ya shule,
usiku wanakimbizana darini kama wenye nyumba.
Mama Kerubo wa mlango wa pili huniuliza,
"Si wewe mkubwa wao? Waambie basi!"
kisha ananiuzia sumu, kifuko shilingi hamsini.

Usiku nategua mtego na kuutega upya.
Asubuhi naandika: amekula, amekunywa, manyoya laini, gramu ishirini na mbili.
Nikimwumiza huyu bila sababu naitwa na kamati.
Nikimwua yule, watoto wanapiga makofi.

Husemwa panya huuma akipuliza.
Juzi nilimshika mmoja kwa ngozi ya shingo,
Daktari akaingiza sindano,
nami, bila kukusudia, ndani ya barakoa,
nikawa napuliza.

Simlaumu mtu. Mwaka juzi binti yangu Nekesa
alitetemeka kwa malaria hadi kitanda kikahama,
na tembe zikamrudisha.
Sikuuliza zilipita mwilini mwa nani kwanza.
Nilimpa uji, nikashukuru Mungu,
nikarudi kazini.

Siku ya ishirini na nane karatasi imebandikwa mlangoni:
safi. Hakuna kilichopatikana.
Wageni wanahamia ghorofa ya juu, ukumbi wa malaria,
vizimba vipya, kadi mpya, namba badala ya nchi.
Bwana Lekuton amepiga simu:
Alhamisi kuna masanduku mengine manane.

Walinzi hawahami.
Waliyoulizwa wamekwisha kuyajibu,
na sheria haina safu ya shukrani.

Jioni nimeosha vizimba sita.
Kimoja nimekiosha mara mbili.