Siku Tisini

Anaeli ametuma mabadiliko saa tano usiku,
mistari arobaini na mmoja:
kumi na tisa myekundu, imeondolewa,
ishirini na miwili ya kijani, imeingia.
Juu yake ameandika, "Kusafisha matawi. Jambo dogo."

Nimejifunza kuogopa jambo dogo.

Asubuhi, Moshi mjini, ghorofa ya pili juu ya duka la vipuri.
Chini yetu fundi anagonga rimu.
Mlima umejifunika gubigubi
kama mtu asiyetaka kusalimiwa.
Nasoma polepole, kidole kwenye skrini,
kama ninavyochambua mchele:
siutazami mchele, natafuta jiwe.

Mwanzo, sawa.
Jina la kigezo amelibadilisha, zuri kuliko langu.
Sitamwambia leo.
Hapa amesahau tawi lenye mkwaju katika jina lake.
Namwandikia: "Jaribu na mkwaju."
Atacheka. Atajaribu. Itavunjika.

Kisha mstari wa mia mbili na kumi na nne.

Zamani chombo chetu kilikuwa kikaidi:
tawi ambalo halijaunganishwa na shina
halifutwi, hata ukikibembeleza.
Yeye ameandika: zikipita siku tisini halijaguswa,
lifutwe.
Kimyakimya.

Nafungua nakala ya majaribio, naiendesha.
Matawi kumi na moja yanaanguka.
Saba ni yangu, siyalilii:
jaribio, jaribio-2, jaribio-la-kweli,
mwisho, mwisho-kabisa, na mengine mawili ya aibu.
Mawili sijui ni ya nani.
Moja la kijana wa mazoezi aliyerudi chuoni Dodoma.
La kumi na moja: aikande-mgongano.

Aikande amejifungua pacha.
Sheria ya kazi inampa siku mia moja.
Leo ni ya tisini na tatu.

Kule Uru, mwaka aliolazwa shangazi Ndeshi,
kamati ya mfereji ilipita juu juu,
ikaona mchepuko wake umeota majani,
ikasema hautumiki,
ikauziba kwa mawe na udongo.
Hakuna aliyemchukia.
Hakuna aliyeshuka mpaka mwisho wa mchepuko
kuona migomba inayongoja zamu.
Aliporudi kutoka hospitali, majani yamesinyaa,
alichukua jembe akazibua mwenyewe.
Mshono ukafumuka.

Naandika maoni, nafuta, naandika.
Ya kwanza yalikuwa makali.
Ya pili yalikuwa na shangazi ndani yake,
na msimbo haupokei shangazi.
Ya tatu:

"Anaeli, kazi safi. Usisahau mkwaju.
Mstari wa 214: umri si ushahidi.
Tawi likikaa muda mrefu, aulizwe mwenyewe.
Asipojibu, lipewe jina jingine, liwekwe ghalani.
Kufuta kubaki kazi ya mkono wa mtu,
mkono wenye jina."

Saa saba mchana anajibu, neno kwa neno kama anayekanyaga utelezi:
"Na kama mwenyewe harudi?"

Fundi ameacha kugonga.
Umeme unakatika, jenereta la jirani linakohoa,
skrini inarudi,
na swali liko palepale lilipokuwa.
Ghala nalo hujaa. Hilo analijua, nami nalijua.
Matawi ya watu walioondoka
tumeyabeba miaka sita, kila nakala mpya inayabeba,
na asubuhi chombo kinaamka kizito.

Sijabonyeza kukubali.
Sijabonyeza kukataa.
Nampigia Aikande.

Simu inaita mpaka karibu kukata,
kisha inapokelewa, na kabla ya sauti yake
nasikia mbili nyingine, zinalia kwa pamoja,
kila moja kwa njia yake,
hakuna inayomsubiri mwenzake.

"Hujambo," nasema. "Nilitaka kuuliza..."

"Usiniambie," anasema Aikande,
"mmegusa tawi langu."